Shemeji wa London na Pasi Yake

Jana jioni shemeji yangu kapiga pasi kwa inveta.

Nangoja kidogo, wenye inveta majumbani mshike vifua kwanza.

Betri mbili, ndugu zangu. Betri ambazo mimi na Mama Tayo tulizidunduliza miezi saba, tukikwepa hata michango ya harusi. Kazi yake taa tatu, feni moja, na friji kwa dua. Mtu katua kutoka London na shati lake la kitani, kachomeka pasi ya wati elfu mbili, tena ya mvuke, huku anapiga mluzi. Alipofika kwenye kola nyumba ikasema "tiii", giza. Akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa: "Kwani umeme umekatika?"

Umeme ulikatika Jumanne, shemeji.

Sikusema kitu. Mimi ni mtu wa heshima zangu. Ni mtu wa Tanga niliyeletwa Lagos na mapenzi, mwaka wa tisa huu, na msicheke. Nakaa Surulere, nyumba ya ghorofa mbili yenye wapangaji sita na mti mmoja wa mkungu getini. Mtaani naitwa Oga Tanzania, yaani bosi, wengine wananiita Nyerere tu, na hilo Nyerere lina kesi yake, tutafika. Mtu wa cheo hicho hagombani kwa ajili ya pasi. Nilichukua kiti changu cha plastiki, nikashuka chini taratibu, nikajikwaa ngazi ya tatu, nikaendelea kushuka kwa heshima ileile.

Desemba ndiyo mwezi wao. Wenyewe wana neno la Kiyoruba, japa, kuchomoka mbio bila kugeuka nyuma, na mji mzima unalisema sasa, Muigbo kwa Mhausa. Basi hao waliochomoka hugeuka nyuma wote kwa pamoja wiki moja kabla ya Krismasi. Wamebatizwa jina la "Nimerudi Juzi Tu", maana sentensi zao zote huanzia hapo. Nimerudi juzi tu, mbona joto hivi. Nimerudi juzi tu, hawa wauza mitumba wa Yaba wananishikaje mkono. Shemeji tulimpitisha Daraja la Third Mainland saa kumi na moja jioni, daraja la karibu kilomita 12, magari yamelala, akauliza kama kuna ajali. Hakuna ajali, baba. Ni Alhamisi.

Na ile hesabu yake! Kila bei anaigawa kwa elfu mbili. Kuku wa naira elfu kumi na mbili? "Pauni sita! Bure kabisa!" anapiga kelele mbele ya muuzaji, na mimi nyuma yake nimesimama na mshahara wa naira, namwona mama wa kuku akiniangalia na kupanga bei ya wiki ijayo. Ukifika wakati wa kulipa, kadi ya London inagoma. "Baba Tayo, nilipie, nitakurudishia." Kwa pauni, au kwa maneno?

Turudi kwenye mkungu.

Pale chini ndipo bunge letu linapokaa umeme ukienda, kwa hiyo halina likizo. Alikuwepo mwenye nyumba, Alhaji, kwenye kiti chenye mto. Alikuwepo mzee wa vipuri, Muigbo mwenye duka soko la Ladipo, anayejua gari lako linaumwa nini kwa kulisikia likipita. Na kijana wa chumba cha juu, anayesubiri viza ya Kanada kwa miezi minane sasa na hataki kununua hata ndoo mpya kwa sababu "naondoka". Shemeji akashuka na shati lake. Mkono mmoja umenyooka, mwingine umekunjamana kama barua ya mkopo.

"Tatizo la nchi hii," akaanza kabla hajakaa, "ni watu wake."

Kijana akasogeza kiti. Mtu wa London akisema, kijana husikiliza kama yuko kwenye mkesha.

Shemeji akatiririka. Huko basi linakuja kwa dakika yake. Huko polisi anakuita bwana. Miaka kumi na moja hajaona umeme ukikatika. Mzee wa vipuri akamwacha amalize pumzi, akauliza taratibu: "Wewe 2023 ulimpigia nani kura?"

Pigo hilo, maana Mnaijeria aliye nje hapigi kura, sheria haijamruhusu. Shemeji akapanda juu: "Kura hamtupi, lakini hela mnapokea! Tunatuma karibu dola bilioni 20 kila mwaka!" Akajipiga kifua pale kwenye "tunatuma", kana kwamba zote zimetoka kwenye akaunti yake. Nikajaribu kutafuta fungu letu. Simu moja yenye ufa, soksi pea sita, na chokoleti iliyoyeyukia kwenye soksi.

Alhaji akakohoa. Alhaji ni mtu wa serikali, iwe serikali ipi. "Mpeni Rais muda," akasema. "Mambo yanakuja." Kweli yamekuja. Siku Tinubu anaapishwa, 29 Mei 2023, alisema ruzuku ya petroli imekwisha, na kabla hatujakunja mikeka lita iliyokuwa chini ya naira 200 ikasogelea 500. Mwaka uliofuata ikafika elfu na zaidi. Halafu tarehe ileile, 29 Mei 2024, tukiwa tumekaa tunangoja nafuu, tukabadilishiwa wimbo wa taifa! Ukaondolewa ule ulioimbwa tangu 1978, ukarudishwa ule wa uhuru wa 1960, ambao maneno yake yalitungwa na mama wa Kiingereza. Tayo wangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuukariri ule ulioondolewa, na kofi moja la mwalimu juu yake. Sasa anajifunza huu mwingine, kwa mshumaa.

Alhaji ana subira na Rais kwa sababu jenereta kubwa ni lake na dizeli ni yetu. Sisi wengine tuna vile vijenereta vidogo ambavyo Lagos nzima inaviita "Afadhali Mimi Kuliko Jirani". Jina hilo sikulitunga mimi. Kinawasha taa mbili na televisheni, kinapiga kelele kama pikipiki imefungiwa stoo, na jirani anajua kabisa uko afadhali kuliko yeye kwa sababu moshi wote unaingia kwake.

"Na wewe huko unafanya kazi gani hasa?" mzee wa vipuri akauliza.

Hapo nikashika kiti. Swali hilo katika ukoo wa mke wangu haliulizwi. Shemeji alikuwa meneja wa tawi la benki hapa, na dereva. Huko yuko "sekta ya afya". Mama Tayo aliwahi kunieleza usiku, kwa sauti ya chini, taa zikiwa zimezimwa (na nani, mnajua), kwamba anaogesha wazee. Kazi ya halali, na mimi namheshimu kwa hiyo kuliko kwa ule umeneja. Lakini huwezi kulisema hilo chini ya mkungu.

"Sekta ya afya," akasema shemeji.

"Ahaa," akasema mzee. "Daktari."

"Sekta," akasema shemeji, akahamia haraka kwenye baridi. Na baridi ndiyo ikamponza. Maana alianza kusimulia Januari ya huko, mara tukasikia kwamba ndani wanakaa na makoti. Kwamba mke wake anawasha kipasha joto, yeye anazima, mke anawasha, yeye anazima, na wamewahi kulala mzungu wa nne kwa ajili ya kitufe. Umeme wa huko haukatiki, ni kweli. Unauzima mwenyewe, kwa mkono wako, kwa hofu ya bili.

Mzee wa vipuri alicheka mpaka akasimama. "Kwa hiyo umesafiri saa sita angani kwenda kukaa gizani!"

Kijana wa Kanada hakucheka. Yeye alishaifuta Uingereza tangu 2024, walipozuia wanafunzi wengi kwenda na wake zao, kisha na wahudumu wa wazee nao. Akahamishia imani Kanada, akaenda kufanya mtihani wa Kiingereza. Huyu ni mtoto aliyechapwa bakora chekechea kwa kuongea Kiyoruba darasani! Kasoma Kiingereza, kaota kwa Kiingereza, anatukana kwa Kiingereza safi, na bado kalipa fedha nyingi athibitishe anakijua. Matokeo yenyewe yanaisha nguvu baada ya miaka miwili, kana kwamba Kiingereza ni maziwa ya pakiti.

"Hata wakubwa wanakimbia," akasema kijana kwa uchungu. "Buhari akiwa Rais, 2017, alikaa London siku zaidi ya mia anatibiwa. Sisi tukiumwa, panado."

Hapo wote wakaungana. Nchi hii! Alhaji mwenyewe akatikisa kichwa. Nchi hii, mafuta chini ya ardhi tangu enzi za mkoloni, na petroli tukaagiza nje miaka na miaka! Nchi hii, barabara! Nchi hii, wabunge! Ilikuwa burudani, jamani. Ile joto ya watu wanaolia pamoja. Na mimi nikahisi, Mungu anisamehe, kwamba nami ni wa humo. Miaka tisa ya dizeli. Kodi ya mwaka mzima mkononi, juu yake ya dalali, juu yake ya mwanasheria wa karatasi mbili. Nikaegemea kiti, nikasema kwa upole kabisa:

"Kweli wazee wangu, nchi hii imeoza."

Kimya.

Nadhani hata jenereta la nyumba ya pili lilipunguza sauti.

"Baba Tayo," akasema shemeji, shemeji wa pasi, shemeji wa "tatizo ni watu wake", "nchi ipi?"

Wakanishukia. Nilikuwa najua tuko milioni 200 na ushee? Nilikuwa namjua Soyinka, Nobel ya 1986, Mwafrika wa kwanza kuipata ya fasihi? Harusi zetu Tanzania tunacheza muziki wa nani? Kijana, aliyekuwa analia sasa hivi, akanitajia kiwanda cha Dangote cha kusafisha mafuta, mapipa 650,000 kwa siku, kwa sauti ya mtu mwenye hisa humo. Alhaji akakumbuka kwamba 1964, jeshi letu la Tanganyika lilipoasi, ni vikosi vya Naijeria vilivyokuja kulinda nyumba wakati tunaunda jeshi jipya. Kweli vilikuja. Sikuwa nimezaliwa, lakini nikajikuta naomba radhi.

Mzee wa vipuri akasimama kunitetea. "Mwacheni huyu! Nyerere aliitambua Biafra yetu Waigbo, iliyojitenga na Naijeria, Aprili 1968, wa kwanza duniani! Nilikuwa mtoto, tulikuwa na njaa, baba yangu alilia mbele ya redio." Ndiyo sababu vipuri vyangu napata kwa bei ya mkwe.

"Hilo ndilo nalosema!" Alhaji akaruka. "Tangu wakati huo mnaingilia mambo yetu!"

Sasa mimi hapo nifanye nini? Wakili wangu ndiye kanifunga. Halafu Alhaji, kwa utulivu wa mtu anayejua amebakiza risasi moja, akanyoosha kidole gizani kuelekea Uwanja wa Taifa, ambao uko upande wa pili kabisa. "1980," akasema. "Kombe la Afrika, mechi ya ufunguzi. Nilikuwepo. Sisi tatu, ninyi moja."

Ndugu zangu, nimechoka. Nimenyimwa umeme, nimenyimwa maji, nimenyimwa Desemba, sasa nimenyimwa na kulalamika! Kitu pekee kisichopandishwa bei nchi nzima, nacho kina wenyewe. Na yule aliyekaa London miaka kumi na moja anakirithi, mimi ninayemeza moshi wa jenereta kila usiku sina hata robo ya hati!

Kisha shemeji akaniuliza, kwa dharau ndogo ya kistaarabu, na kwenu je, kwenu hakuna shida? Nikasikia sauti inasema, tena kwa Kiingereza cha kujivuna:

"Kwetu umeme haukatiki."

Nilisema hivyo. Mbele ya Mungu na mkungu ule. Mimi, niliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa kibatari.

Kabla hajanijibu, taa zikawaka mtaa mzima, na watoto wakapiga ule ukelele wao, "Up NEPA!", wanalishangilia shirika la umeme lililozikwa 2005, kabla hata wao hawajazaliwa. Bunge likavunjika bila spika. Alhaji akakimbilia pampu ya maji, kijana chaja, mzee friji. Mimi nilipanda ngazi mbili mbili niwahi kuchaji betri zangu, nikamkuta shemeji kashatangulia, anapiga pasi mkono wa pili.

Ulidumu dakika tisa. Mkono ukakamilika, betri hazikusogea.

Anaondoka tarehe pili. Leo saa nane usiku kaniamsha tupime begi, mwisho kilo 23. Begi lote ni garri ya muhogo, egusi zile mbegu za tikiti, pilipili ya kusaga na kambale wakavu waliopangwa kama mbao. Shati la kitani halikupata nafasi, kaniachia. Begi halikai vizuri kwenye mizani ya bafuni, kwa hiyo ikabidi nipande mwenyewe kwanza, halafu nipande nimelibeba, tutoe. Mama Tayo anamulika tochi, shemeji anaandika. Nikapanda peke yangu. Kilo 91.

Tisini na moja! Kwa chakula gani? Friji imelala tangu Jumanne. Nimemwambia Mama Tayo mizani hiyo imeingia unyevu, akanyamaza kwa namna siipendi. Hebu kesho nikaipime upya kwa mzee wa vipuri, yeye ana ile ya kupimia vyuma chakavu.