Mume mzima hana kazi nyengine?

Jumatatu nilikwenda nasari kumchukua binti yangu, hapa Bergen, Norwei, mvua inanyesha kama desturi yake. Nikamkuta kwenye benchi, na mwalimu wake, bonge la mwanamume mwenye ndevu za kifuani, kapiga magoti anamvua buti zilizojaa matope. Kibanio cha nywele cha waridi kakishika kwa meno. Alipomaliza buti akazikusanya zile nywele, nywele za kwetu, si mchezo, akazibana. Zilikwenda upande, lakini zilibanika.

Nikapiga picha kwa nyuma, nikaitupa kwenye grupu la familia. Hata dakika mbili hazijatimia, mamangu mdogo kaandika kutoka Lamu: "Mume mzima huyo hana kazi nyengine?" Vikafuata vicheko vya nyumba nzima.

Kabla hamjaanza, najua. "Miaka sita Ulaya, sasa aja kutufunza kulea." Sikusema Wanorwei wametushinda. Hata kwao, katika wafanyakazi kumi wa nasari mwanamume ni kama mmoja tu. Serikali yao iliweka lengo la asilimia 20 tangu miaka ya 1990, na hadi leo hawajalifikia, na pesa zote walizo nazo. Basi kiburi cha nambari sina.

Ila huyo mmoja unamwona. Kwetu Lamu nimewapeleka wadogo zangu nasari za Langoni na Mkomani miaka nenda miaka rudi, sikumwona hata wa dawa. Rafiki yangu alisomea chekechea, cheti anacho. Kila alikoomba kazi aliambiwa angoje nafasi ya darasa la nne. Sasa yuko kwenye boti za Mokowe. Na ya mishahara tangu nasari ziwekwe chini ya serikali za kaunti mnayajua kuliko mimi, siyagusi.

Kinachoniuma ni kuwa sisi ndio watu wa chuo, chuo cha Kurani! Tulipokuwa na miaka minne, nani alitusomesha alifu na be kwa kijiti? Si maalim? Watoto thelathini barazani kwake, makamasi yanatiririka, huyu analilia mamake, yule kajikojolea mkekani. (Haki isemwe, mkeka aliufua mkewe.) Najua wako waliosomeshwa na maalim wanawake, na walisoma vizuri. Lakini wetu alikuwa mwanamume, tukimbusu mkono, na mama zetu wakimpelekea sahani ya futari. Hakuna aliyemuuliza kazi nyengine. Leo watoto ni walewale, umri ni uleule, tumeiita PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, basi mwanamume akiingia anatazamwa kama kapotea njia.

Mtanijia na lile jengine: kwa haya tunayoyasikia siku hizi, nani atamwachia mwanamume mtoto mdogo? Hilo silicheki, nina binti. Hapa kila anayeajiriwa nasari, mke kwa mume, huleta kwanza cheti cha polisi. Nasi tukidai, tudai kwa wote, na maalim ndani yake. Lakini msiniambie mna hofu ya wanaume nasari, kisha alasiri watoto haohao mwawapeleka chuoni kwa maalim bila kuuliza chochote.

Mamangu mdogo nimemuuliza faraghani: yule maalim aliyekusomesha wewe, alikuwa na kazi gani nyengine? Alama mbili za buluu ziko pale tangu juzi.