Wawili Wanatosha

Nimekulia Dar es Salaam, kwenye nyumba ambayo redio ilipiga dansi kutwa nzima. Kwangu mimi bendi ilikuwa Msondo Ngoma au Mlimani Park, yaani Sikinde: solo, rizimu, besi, drams, tumba, wapuliza tarumbeta na saksafoni, na waimbaji watatu wanne wakipokezana mbele. Jukwaa likijaa hivyo, ndipo nilipojua muziki umefika. Kwa hiyo rafiki aliponiita twende tukaone bendi ya roki ya watu wawili hapa Glasgow, Scotland, gitaa na drams basi, niliwahurumia kabla sijawasikia.

Glasgow ni mji unaopenda muziki kwa vitendo. UNESCO waliutambua kuwa Jiji la Muziki mwaka 2008, lakini wenyeji hawakungoja cheti. Barrowland, pale Gallowgate, ulianza kama ukumbi wa dansi mwaka 1934, ukaungua 1958, ukafunguliwa tena 1960, na sakafu yake ya mbao hadi leo inanesa chini ya miguu kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya wachezaji. King Tut's, mtaa wa St Vincent, unachukua watu kama 300 tu, na ndimo Alan McGee, mwenye kampuni ya kurekodi muziki, alimowasikia bendi ya Oasis mwaka 1993, wakati hakuna aliyewajua. Watu wa hapa hutoka majumbani Jumanne usiku, mvua inanyesha, kwenda kumsikiliza mtu ambaye hawajawahi kumsikia. Hilo ndilo ninalowapendea.

Ukumbi wetu ulikuwa mdogo kuliko hata huo, uko chini ya ardhi, dari unaligusa kwa mkono. Drams hazikuwekwa nyuma kama nilivyozoea. Ziliwekwa ubavuni, ili mpigaji, kijana mrefu, atazamane na dada mwenye gitaa. Walipoanza, besi ilinipiga kifuani, nikaanza kumtafuta mtu wa tatu. Hakuwepo. Gitaa lilikuwa linapita kwenye pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, halafu linagawanywa: upande mmoja unaingia amplifaya ya gitaa, upande wa pili unashushwa oktava moja, yaani noti zilezile lakini nzito zaidi, na kuingia amplifaya ya besi. Ujanja huu una ukoo. Jack White wa White Stripes, wale wawili wa Detroit, alishusha gitaa lake hivyo kwenye wimbo wao wa 2003, "Seven Nation Army", ambao mashabiki wa mpira wanauimba viwanjani mpaka leo. Wengi wanadhani ni besi. Mike Kerr wa Royal Blood, bendi nyingine ya wawili, ya Uingereza, amekwenda kinyume chake: anapiga besi, akaifanya ilie kama gitaa.

Lakini pedali si siri yote. Nilimwona yule mpiga drams akitazama mguu wa mwenzake muda wote. Mguu ukisogea kuelekea pedali, naye ananyanyua mikono. Hakuna mtu mwingine wa kuwashikia mwendo, kwa hiyo wimbo ulikuwa unakimbia wakikimbia na kupungua wakihema. Kwenye bendi ya watu kumi na wawili mmoja anaweza kupumzika ubeti mzima usijue. Hapa mmoja akinyamaza, nusu ya muziki imenyamaza, na unausikia ule ukimya.

Wimbo wa nne, waya wa gitaa ulikatika. Dada yule hakuwa na gitaa la akiba. Alilitazama, akalilaza sakafuni, akaendelea kuimba. Kijana akaacha matoazi yote, akabaki na ngoma mbili za chini tu, taratibu. Ukumbi mzima ukashika mdundo kwa makofi. Sauti moja na ngoma. Nilisisimka mwili, na aliyenijia akilini hakuwa mwanaroki yeyote bali Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki 2003. Yeye na Charles, mtoto wa ndugu yake, walisimama wawili kwenye majukwaa ya Ulaya, na zeze na ilimba zao, ile ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, wakajaza kumbi. Mimi, mtoto wa Tanzania, nilikuwa nimesahau kwamba hili tunalijua.

Ndiyo maana inaniuma ninapokwenda nyumbani na kukuta msanii mwenye sauti nzuri anaimba juu ya CD, nusu ya maneno akiiachia spika. Najua sababu: bendi ni ghali, mazoezi ni ghali, na mwandaaji anataka kulipa mtu mmoja. Basi tafuta mtu mmoja. Mpiga tumba mmoja, au mcharaza gitaa mmoja wa mtaani kwenu, mfanye mazoezi miezi mitatu sebuleni. Mtakosea mbele za watu, na watu watawasamehe, kwa sababu wanaona mnachofanya. CD haikosei, na hakuna anayeipigia makofi ikikatika. Msimamo huu nauelekeza pia kwa bendi za wawili za Ulaya zinazoficha ala zilizorekodiwa nyuma ya pazia: mnajinyima kitu chenu bora.

Baada ya onyesho niliwakuta nje, mvua bado inanyesha, wanapakia vyombo wenyewe. Drams, amplifaya mbili, gitaa lenye nyaya tano. Vyote viliingia kwenye gari moja dogo. Nikashika upande mmoja wa ile amplifaya ya besi, kijana akashika wa pili, tukainyanyua.