"Mungu apishe mbali" ni alama ngapi?

Mama mmoja muuza vitenge hapa Arua, Uganda, alisomewa swali la dodoso linalopima hofu ya saratani: "Mwezi uliopita, ni mara ngapi umewaza kwamba huenda ukapata saratani?" Majibu ni manne, kuanzia "nadra sana" hadi "karibu muda wote". Alinyamaza, akajishika kifua, akasema, "Mungu apishe mbali." Kijana aliyekuwa akimhoji akazungushia namba 1, yaani "nadra sana".

Mimi nilikuwa kando, na namba ile imenikera hadi leo. Mama yule hakusema kwamba hawazi. Alikataa kuutaja ugonjwa juu ya mwili wake, na kwa wengi wetu kuutaja ni kama kuuita.

Maswali ya aina hii yana asili yake katika kazi ya Caryn Lerman na wenzake, Marekani, mwaka 1991, kuhusu wanawake na upimaji wa saratani ya matiti. Kuyaleta kwetu si kutafsiri tu. "Wasiwasi" ni neno tunalolitumia hata kwa chenji iliyochelewa: usiwe na wasiwasi. "Hofu" nayo ni nzito mno. Ukichagua moja, umeshapandisha au umeshashusha alama kabla hujamhoji mtu.

Hata hivyo, wanaosema tuipime hofu hiyo wana hoja, nami niko upande wao zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake wa Uganda, na wengi hufika hospitali ya Mulago, Kampala, ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Hofu humsukuma mmoja akapime, humkimbiza mwingine. Tusipouliza kwa utaratibu, wahudumu wa afya vijijini watajuaje nani wa kumtuliza na nani wa kumhimiza?

Ninachokipinga ni kulinganisha nchi na nchi kwa haraka. Mwaka 2016 mashine pekee ya kutibu saratani kwa mionzi nchini iliharibika. Mganda aliyeogopa saratani mwaka ule aliogopa pia kukosa tiba, na dodoso lile halitenganishi hofu hizo mbili. Mama wa vitenge aliniuliza baadaye, "Nikipelekwa Kampala, watoto nitamwachia nani?" Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi.

Basi watafiti wawasomee watu maswali kwanza, wawaombe waeleze walivyoyaelewa, waongeze ya nauli na ya watoto, ndipo wahesabu. Wakishafanya hivyo nitalisoma kwa imani jedwali linaloweka Arua na London safu moja.