Nailoni kwenye sufuria ya wali: nani hasa anatia chumvi?

Ukimwambia mtu asifunike wali na nailoni jibu linakuja fasta, tumekula hivyo toka utoto na bado tupo. Na mama ntilie ana hoja yake, mkaa bei juu, nailoni inabana mvuke wali unaiva chap. Halafu wale wa "plastiki zote kansa" wanaharibu kabisa, maana plastiki hazifanani. BPA, ile kemikali ya kutengenezea plastiki inayopigiwa kelele, iko kwenye plastiki ngumu, kama baadhi ya yale madumu ya maji ya ofisini, na kwenye utando wa ndani wa makopo, sio kwenye mfuko laini.

Ila wanaotahadharisha tunawaonea. Cheki, mwaka 2015 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilisema BPA mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku haina shida. 2023 wakarudi, sasa ni nanogramu 0.2, yaani wameshusha mara 20,000. Elfu ishirini! Watu wakadakia hapo hapo, ona wanabahatisha, na kweli BfR, taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari kwenye chakula, iliwapinga ikaweka yake nanogramu 200, basi wengi wanaishia hapo eti hata wao kwa wao hawaelewani. Lakini piga hesabu bana, mikrogramu 4 ni nanogramu 4,000, kwa hiyo huyo huyo mpinzani naye kashusha mara 20. Kumbe wanagombania washushe mpaka wapi, kushusha wote wameshusha. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ndo bado inasema kiwango cha BPA kilichopo kwenye chakula ni salama, Ulaya wao Desemba 2024 wakapitisha marufuku ya BPA kwenye vifaa vinavyogusa chakula.

Sasa nailoni yetu haina BPA, sawa, ila kemikali za plastiki zinahamia kwenye chakula zaidi kukiwa na moto na mafuta, na wali wa nazi unavyotokota chini ya nailoni una vyote viwili, chips zimetoka kwenye karai zikamwagwa kwenye mfuko nazo hivyo hivyo. Na ule mfuko mweusi nani kaupima? Unaweza kuwa umetengenezwa na plastiki chakavu za kila aina, rangi imewekwa ili kuficha.

Kupalia makaa juu ya mfuniko wali unakauka vizuri tu, ila mkaa unaenda mwingi, na hapo mama ntilie atakuuliza hiyo hela unaiongezea kwenye sahani au vipi.