Mwanza na Rakai: je, kutibu kisonono kunapunguza VVU?

Mwanaume anayetokwa usaha mara nyingi haendi zahanati. Huingia duka la dawa lililo mbali na mtaa wake, akaongea na muuzaji kwa sauti ya chini na kutoka na vidonge vichache. Maumivu yakipoa, haendelei na dozi. Mkewe haambiwi kitu, na kwa kuwa kisonono na klamidia kwa wanawake mara nyingi havionyeshi dalili, naye hatibiwi.

Je, kumtibu vizuri mtu huyu kunazuia VVU? Kibaolojia ingetarajiwa hivyo, maana vidonda hurahisisha virusi kupita, na kisonono huongeza wingi wa virusi kwenye manii. Lakini majaribio mawili makubwa, yote kando ya Ziwa Victoria, yalitoa majibu yanayopingana.

Mkoani Mwanza, Tanzania, kati ya 1991 na 1994, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zipo, na wananchi wakahimizwa kuwahi. Baada ya miaka miwili, asilimia 1.2 ya watu walikuwa wamepata VVU katika maeneo yenye huduma hiyo, dhidi ya 1.9 kwingineko. Hiyo ni pungufu ya takriban asilimia 40.

Rakai, Uganda, dawa zilipelekwa majumbani kila baada ya miezi kumi, kwa wenye dalili na wasio nazo. Matokeo yaliyotolewa 1999 yalionyesha kaswende imepungua, lakini maambukizi mapya ya VVU yalilingana na ya maeneo ambayo hayakupewa dawa hizo.

Wanaosema fedha ziende kwenye kondomu, ARV na dawa kinga (PrEP, anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe) wana hoja nzito. Rakai watu wapatao 16 kati ya 100 walikuwa tayari na VVU, na vidonda vingi vilitokana na malengelenge ya sehemu za siri (herpes), ambayo huletwa na virusi na antibiotiki haiyatibu. Mwanza maambukizi yalikuwa takriban asilimia 4 tu, kwa hiyo matokeo yake huenda yasijirudie pale VVU vilipokwisha kuenea. Isitoshe, kutibu kwa dalili kuna kasoro chungu: mama mwenye fangasi anaweza kupewa dawa za kisonono na kuambiwa amlete mume, ugomvi ukaanzia hapo.

Hata hivyo, tofauti ninayoipa uzito zaidi ni ya utoaji wa huduma. Katika miezi kumi mtu aliyepona ana muda wa kutosha kuambukizwa tena. Mwanza, aliyeona dalili leo alitibiwa leo, karibu na kwake.

Nadhani pia tumekosea kuipima huduma hii kwa VVU peke yake. Dawa kinga haizuii kisonono wala kaswende. Kaswende huua watoto tumboni. Klamidia huziba mirija ya uzazi, kisha mwanamke hulaumiwa kwa ugumba ambao pengine ulianzia kwenye zile dozi za mumewe zisizokamilika. Dozi hizohizo husaidia kujenga usugu, na tayari kisonono kimeizoea antibiotiki ya siprofloksasini katika nchi nyingi.

Mwenza ndiye anayesahaulika zaidi, na pa kuanzia papo. Mjamzito hupimwa kaswende kliniki kwa tone la damu. Mume aliyemsindikiza apimwe siku hiyohiyo, na akikutwa nayo achomwe sindano yake ya penisilini kabla hajaondoka.