Vileja vya Idd na muonjaji wa miaka mitano

Shida ya kupika vileja siku ya 29 ya Ramadhani ni kwamba mpishi kafunga. Bibi yao anasema kuonja kwa ncha ya ulimi halafu ukatema haina neno, sawa, ila jamani unga wa mchele uliokolea samli na sukari na iliki ya kutwangwa saa hiyo hiyo, nani anaitema? Mi sijiamini. Basi kazi ya kuonja akapewa kitinda mimba wangu, ana miaka mitano, funga yake huwa inaanzia daku inaishia chai ya asubuhi.

Fisi kakabidhiwa bucha. Kijiko cha kwanza kafumba macho, "mama bado sijajua." Cha pili, "iliki siisikii." Ataisikia wapi na anameza bila kutafuna? Nikaongeza iliki. Kaonja tena, kafikiri weee, "sasa nimesahau ya mwanzo ilikuwaje." Dada yake kasema mama huyu anakula tu huyu, wakaanza kusukumana, bakuli nusu liende chini.

Tukaja kwenye kufinyanga. Kileja si mnakijua, kiduara kidogo, unakibonyeza kwa dole gumba katikati unatia nukta ya rangi nyekundu kwa njiti ya kiberiti. Nukta! Umeme nao ulishakatika tangu alasiri, oveni imebaki pambo, nikatoka uani kuwasha jiko la mkaa nipike kwa kupalia moto juu, narudi nakuta njiti zimetupwa huko na mikono ni myekundu mpaka viwiko, na katikati ya trei kuna kileja kimoja kikubwa cha kutosha sinia, kina macho ya zabibu, masharubu, na juu kimelainishwa kwa samli kinang'aa.

"Huyu baba," wakanambia. Hata kile kipara hawakumsitiri.

Kukikanda upya wakalia, nikakipika. Pembeni kikaiva vizuri, katikati kibichi, jicho moja likateremka mpaka shavuni likatulia hapo.

Magharibi tumeitegea redio na vileja vyetu vimepangwa kwenye kopo, mara tunaambiwa mwezi haujaandama, kesho tunakamilisha 30. Yani kopo lilale usiku mzima na lishinde kutwa nzima na hawa watoto! Nikaliweka juu ya kabati chumbani kwangu, nyuma ya masanduku.

Asubuhi stuli ya jikoni iko chumbani na kopo limebaki nusu. Nikawapanga mstari, toeni ulimi. Safi wote watatu, mpaka muonjaji. Baba yao kapita zake anacheka, na mi nikauona ulimi.

"We baba nanihii!"

"Nimekula saa ya daku, daku si halali?"

Sikuwa na hoja.

Idd yenyewe wageni walivyoanza kuingia vidogo viliisha kabla ya saa nne, akaja mama mkwe, sahani imebaki na mwanawe peke yake, jicho shavuni. Kamtazama. Kanitazama mimi. Watoto wameshaanza kujificha nyuma ya pazia.

"Huyu ndo mwanangu?"

"Ndo yeye mama."

Akavunja kipande cha kiparani akatafuna taratibu. "Hapa kwenye kipara ndo pameiva," akasema, akaomba chai.