Pijo ya Zamani Usiifungue Yote

Ukizunguka mitaa ya Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka Ngamiani, utayaona: magari ya zamani yamekaa juu ya mawe, boneti wazi, injini haipo. Mwulize mwenyewe, atakwambia analitengeneza. Amelitengeneza tangu mtoto wake wa kwanza hajaanza shule, na sasa huyo mtoto anatafuta kazi. Injini iko kwa fundi, viti viko kwa shemeji, nati na bolti ziko kwenye kiroba cha mchele chini ya kitanda, na hakuna anayekumbuka ipi inakwenda wapi. Siku moja watapita vijana wa chuma chakavu na mizani yao, na mazungumzo yataishia hapo.

Siwacheki, maana nilikuwa mmoja wao. Baba alituachia Pijo (Peugeot) 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Arobaini ilipopita nikaiingia kwa pupa. Mwisho wa wiki mmoja tu nikang'oa viti, dashibodi, milango yote na kabureta, nikitaka iwe mpya kama ilivyotoka kiwandani. Baada ya hapo ikalala miaka miwili. Kuku wa mama wakahamia humo, na mmoja akaangulia vifaranga pale pa kuwekea miguu.

Mwishowe nikamleta fundi mmoja mzee, mtu wa Pijo tangu ujana wake. Aliizunguka mara moja, mikono nyuma, akaniuliza, "Ulipoanza ilikuwa inawaka?" Nikamjibu, "Ndiyo mzee, ilikuwa inawaka." Akasema, "Basi aliyeiharibu ni wewe." Akaomba maji ya kunywa.

Ilinichukua miezi minne kuirudisha kama nilivyoikuta, yaani mbovu lakini inatembea. Tangu hapo naishi kwa kanuni moja: gari lisilale bila kuwaka. Kazi ya Jumamosi iwe ya kuanza asubuhi na kufungwa kabla ya magharibi. Unafungua kitu kimoja, unakisafisha au unakibadilisha, unakirudisha, unawasha, unazunguka mtaa. Kikikushinda, funga kile cha zamani, jaribu wiki ijayo. Faida yake kubwa si hata hela. Ukigusa kimoja na gari likaanza kukohoa, unajua umkamate nani. Ukigusa plagi, kabureta inayochanganya mafuta na hewa, na distributa inayogawa umeme kwa plagi, zote siku moja, likikohoa una washukiwa watatu na kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Na Pijo inaikubali kanuni hii. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka Ulaya, lakini huku kwetu tuzo iliyozungumzwa ni Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Baba alikuwa akiyataja majina ya washindi kama mtu anayehesabu ukoo: Shankland wa Dar es Salaam na 404, Pijo iliyotangulia 504, mwaka 1966 na tena 1967, Andersson na 504, mwaka 1975, Nicolas mwaka 1978. Mimi ninachokipenda ni kule ndani. Mitungi ya injini haijachimbwa moja kwa moja kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini. Ni silinda za kuchomoa, zinakaa ndani ya maji. Zikichakaa unatoa za zamani, unaweka mpya na pistoni zake, wala huhitaji kuipeleka bloku kuchongwa. Injini nzima imelazwa ubavu, nusu ya pembe mraba, kwa hiyo boneti iko chini na mkono unapata pa kupita. Kompyuta hakuna. Nafasi ya pointi za distributa naipima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Yule mzee hupima kwa kipande cha pakiti ya sigara, na najua nani kati yetu gari lake linawaka haraka zaidi.

Nitoe mfano wa kazi ninayojivunia kuliko zote, ya feni. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, Pijo ya baba ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Tulidhani ndiyo sauti ya injini. Kumbe feni ya Pijo hizi, kuanzia enzi ya 404, haikukusudiwa kuzunguka muda wote. Puli inazunguka, feni inaelea juu yake kwenye beringi. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme kwenye koili iliyo ndani ya puli, kupitia kaboni ndogo inayosugua pete ya shaba. Koili inageuka sumaku, inaivuta feni, vinashikana. Maji yakipoa, inaachia. Kuna na bolti tatu ndogo za kupimia nafasi kati ya feni na sumaku. Ukizikaza mpaka mwisho, feni inabanana na puli moja kwa moja. Hiyo ni njia ya dharura, ikufikishe nyumbani. Ya baba ilikuwa imekazwa hivyo, nadhani siku kaboni ilipoisha, na aliyekaza hakurudi kuzilegeza.

Jumamosi ya kwanza iliishia kwenye bolti. Mbili zilitoka kwa dizeli na kugongwagongwa taratibu. Ya tatu kichwa kilikuwa kimeviringika, nikaitoa kwa tupa na matusi. Jumamosi ya pili nilikaa kibarazani nikiisugua kaboni ya altaneta ya gari jingine kwenye msasa mpaka ikaenea kwenye tundu lake, mkono mweusi kama mchoma mkaa. Ya tatu ilikuwa ya waya, swichi na kupima nafasi. Gari lilitembea wiki zote hizo, maana kila jioni nilizikaza zile bolti tena. Siku ya majaribio nikaipa koili umeme wa betri moja kwa moja: tak! Kijana wangu akaruka nyuma, akacheka, akaniambia, "Baba, rudia."

Jumapili tukaipeleka Lushoto. Kutoka Mombo ni mlima na kona juu ya kona, na kabla ya Soni tukakaa nyuma ya lori la mbao, gia ya pili. Mshale wa joto ukapanda. Mama, aliyekaa kiti cha nyuma na kikapu chake, akanyamaza. Ukafika pale ninapoanza kusali kimoyomoyo, ndipo nikaisikia feni ikiingia, ile ngurumo ya zamani tuliyoizoea. Mshale ukasita, ukashuka. Lori lilipotupisha na upepo ukaingia, feni ikaachia, gari likawa kimya kiasi cha kusikia kikapu kikilia kwa mtikisiko.

Ninaogombana nao ni wale wanaoanza na rangi. Gari halishiki breki, taa moja imekufa, lakini limeshapigwa puti, praima na wekundu unaoumiza macho, na picha zimesambazwa. Puti juu ya kutu ni kumfunika mgonjwa kanga mpya. Baada ya masika mawili kutu inatoka yenyewe kusalimia. Pijo yangu ina rangi tatu, na mlango mmoja bado una maandishi ya duka la watu waliokuwa nao kabla haujafika kwangu. Rangi itakuja siku ambayo hakuna kingine cha kufanya, na siioni hiyo siku karibu.

Lakini nisijifanye kanuni yangu haina mipaka. Breki sifanyi gurudumu moja leo na jingine mwezi ujao. Nikifungua breki, gari halitoki uani mpaka magurudumu yote manne yamekamilika, hewa imetolewa, na mtu mwingine amekanyaga pedali mbele yangu. Na kutu ya chini ilinishinda. Pijo haina chesisi kama Landrova. Bodi ndiyo mifupa yake, na hewa ya chumvi ya hapa pwani inaila kuanzia chini ya milango. Mwaka juzi nilidhani nitachomelea kipande kimoja kila Jumamosi. Nilipokwangua, bisibisi ilipita upande wa pili kama kwenye papai bovu. Gari likalala wiki tatu kwa mchomeleaji, milango imefungwa kwa mbao ili bodi isipinde, nami nikipita kila jioni kama mtu mwenye mgonjwa wodini.

Majirani wananiambia niuze ninunue Toyota IST. Kwa hesabu za mafuta sina la kuwajibu. Spea nazo ni safari: nyingine Gerezani, Dar, nyingine naagiza Nairobi, Kirinyaga Road, kwa sababu Wakenya walikuwa wakiziunganisha Pijo hizi pale Mombasa na bado wana akiba kwenye mashelfu ya nyuma. Kuna raba ya kioo niliyoisubiri miezi saba, ikaja si yenyewe.

Jumamosi hii ni zamu ya kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto, kinachoshuka chenyewe ukipita kwenye shimo. Kwa sasa kimeshikiliwa na kipande cha ndala ya bluu. Kijana ameshaificha ile ndala nyingine, anasema itahitajika.